Uliza Fundi: Mkutano saa tatu, bando kwisha saa tatu na robo

Wasomaji wangu, safari hii zile barua za betri za simu na charja zinazochoma nimeziweka pembeni kwanza, maana tangu toleo lililopita nusu ya mlioniandikia mnalia na kitu kimoja tu, hii mikutano ya onlaini. Bosi anataka, mteja anataka, hata kamati ya harusi siku hizi inataka. Haya, tuanze na yule anayeumia mfukoni.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni ajenti wa klaringi hapa Malaba, bosi wetu anakaa Mombasa. Kila asubuhi saa mbili anataka tuingie Zoom sote tisa, nusu saa, na kamera lazima ziwe wazi eti aone kama tumeamka. Bando nanunua mwenyewe na harudishi hata shilingi. Kwa nini inaisha haraka hivi? Na nifanyeje bila kugombana na mkubwa?

Pole sana ndugu yangu. Ngoja tupige hesabu, maana bosi wa klaringi huwezi kumshinda kwa malalamiko, anasikia lugha ya namba tu.

Kinachokula bando ni picha. Zoom wenyewe wanasema kwa watu wawili wanaoonana vizuri inatakiwa kama kilobiti 600 kila sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Sasa kilobiti 8 ndo kilobaiti 1, kwa hiyo ukigawa unapata kilobaiti 75 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 3,600 za saa nzima, ni kama MB 270 za kwenda na MB 270 za kurudi, jumla MB 540 kwa saa moja, na hapo ni watu wawili, mkiwa kundi inapanda juu ya hapo. Sauti peke yake je? Hata ukiipimia kwa ukarimu, kilobiti 80, ni MB 36 kwenda na 36 kurudi, basi, MB 72. Yaani sura yako na ya wenzako inakula mara saba na nusu kuliko maneno yenu, na kazi iko kwenye maneno.

Kwa mwezi wa siku 22 za kazi, nusu saa nusu saa, unapata masaa 11. Kwa picha ni karibu GB 6 na kwa sauti haifiki hata GB 1. Andika hiyo kwenye karatasi moja, umpelekee mkubwa kwa heshima, mwambie "mzee, tuwashe kamera dakika mbili za kusalimiana, ukishatuona sote tuzime tuongee kazi". Usimwambie umechoka, mwambie unataka kumsikia vizuri, na si uongo, maana netiweki ikilegea picha na sauti vinagombania njia moja na kila mtu anaanza kuongea kama roboti.

Halafu wakati anafikiria, kuna kitu unaweza kufanya mwenyewe bila ruhusa ya mtu: ndani ya Zoom kuna sehemu ya kuzuia vidio za wengine zisikufikie. Yako anaiona, za wale nane huzipokei. Hapo tu nusu ya mzigo umeushusha. Na zima HD, nani anataka kukuona mpaka vinyweleo saa mbili asubuhi.

(Kodi nayo usiisahau. Ile ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii hapa Uganda, ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondoka, lakini tangu Julai 2021 data yenyewe inatozwa asilimia 12, kwa hiyo kila ukifungua kamera serikali nayo inakusalimia.)

Fundi, tumebishana hosteli mpaka usiku, tuko Arua, tunasoma biashara. Mmoja anasema mikutano ya vidio ilikuja na korona. Mwingine anasema mtu wa Zoom ndo aliigundua. Mimi nasema Skype. Nani ameshinda soda?

Hakuna, nileteeni mimi hiyo soda.

Mwaka 1964 kampuni ya simu ya Marekani, AT&T, ilionyesha simu ya picha pale kwenye maonyesho ya dunia New York, iliitwa Picturephone. Wakaweka vibanda New York, Chicago na Washington, unaingia unakaa mbele ya kioo unaongea na mtu unamwona. Dakika tatu kati ya New York na Washington ilikuwa dola 16, za wakati ule! Watu walishangaa, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani wakatumia simu ya kawaida. Mwaka 1970 wakajaribu tena, safari hii mjini Pittsburgh, wanakuwekea ofisini kwa dola 160 kwa mwezi. Ikafa. Bei ilikuwa ugonjwa mmoja, lakini mi naona ugonjwa mkubwa ulikuwa huu: unanunua simu ya picha halafu unampigia nani? Mteja wako hana. Ni kama kuwa na boda ya umeme kwenye kijiji kisicho na nguzo hata moja.

Katikati hapo, Desemba 9, 1968, kuna mhandisi alisimama San Francisco mbele ya watu, jina lake Doug Engelbart, akaonyesha kompyuta yake iko mbali, na mwenzake anaonekana kwenye skrini wanafanya kazi kwenye maandishi yale yale kwa wakati mmoja. Mausi pia ndo watu walionyeshwa siku ile. Hiki mnachokiita leo "kushea skrini" kina umri huo, hata wazazi wa wengi wenu hawajazaliwa.

Basi miaka ikapita kimya kimya. Mwaka 1992 chuo kikuu cha Cornell wakatoa CU-SeeMe, programu ya kuonana kwa kompyuta za Macintosh, mwaka 1996 Microsoft wakaleta NetMeeting, na miaka hiyo hiyo ikatokea WebEx, ambao ndo walielewa wafanyabiashara kuliko wengine wote, maana hawakuuza sura, waliuza karatasi: mteja wako yuko mbali, mnaangalia hesabu ile ile, unamwonyesha kwa kidole. Mwaka 2007 Cisco wakainunua kwa dola bilioni 3.2.

Sasa Skype yako. Ilitoka Agosti 2003, wenye wazo ni Msweden na Mdenmark, vijana walioiandika wengi wao Waestonia. Mwanzoni ilikuwa sauti tu, vidio ikafuata 2006. Hapa Kampala tuliijua kwenye kafe za intaneti, unalipa kwa dakika unaongea na shangazi yako London huku jirani yako anasikia siri zote za ukoo. Microsoft wakainunua 2011 kwa dola bilioni 8.5, halafu ikazeeka mikononi mwao, na Mei 5, 2025 wakaifunga kabisa. Kwa hiyo na nyie mlioniuliza mbona Skype ya mzee haifunguki, jibu ndo hilo, mzee ahamie kwingine.

Na huyu wa Zoom, Eric Yuan, ni mtu wa China, visa ya Marekani alinyimwa mara nane, ya tisa akapewa (kuna watu wanasoma hapa wamenyimwa mara mbili wakakata tamaa). Akafika 1997, akaajiriwa WebEx, akakaa miaka mingi, 2011 akatoka akaanzisha yake. Zoom ikatoka 2013. Kwa hiyo hakugundua kitu, alichofanya ni kuondoa usumbufu: unatumiwa linki, unagusa, umeingia. Wakati huo huo Google walikuwa wameachia bure, mwaka 2011, teknolojia inaitwa WebRTC, inayofanya brauza yenyewe iweze kubeba sauti na picha bila kuinstoli kitu, na wengi waliokuja baadaye wamejengea hapo.

Korona ilifanya nini basi? Ilimfundisha kila mtu kwa mpigo. Zoom walikuwa na washiriki kama milioni 10 kwa siku Desemba 2019, Aprili 2020 wakasema ni milioni 300. Sisi huku Machi 2020 shule zilifungwa, matatu zikasimama, na ofisi zilizokuwa zinasema "haiwezekani mtu kufanyia kazi nyumbani" zikaona inawezekana ndani ya wiki moja. Hata marais wa Afrika Mashariki, kikao chao cha kilele cha Februari 27, 2021 walikifanya kwa vidio.

Kwa hiyo ukiziangalia hizi njia za kuonana, zilizokufa na zilizobaki, swali lilikuwa lile lile: yule mwenzako wa upande wa pili anaingia bila taabu? Picturephone, hapana. Linki, ndiyo.

Sisi ni kikundi cha kahawa karibu na Mbale. Juzi tulikuwa na mkutano na mnunuzi wa Ujerumani. Tulikaa ofisini watu sita, simu tatu mezani zote zimeingia mkutanoni ili kila mtu asikie. Kukawa na filimbi kali inapiga, na kila tukimjibu tunagongana naye, anaanza sisi tunaanza, ananyamaza sisi tunanyamaza. Dakika ya arobaini ikakata. Tunaogopa ametuona hatuna adabu.

Hajawaona hivyo, mzungu wa kahawa amezoea, lakini mnunuzi anayerudia kila swali mara tatu huwa anachoka, kwa hiyo hii nitaijibu kwa urefu.

Filimbi kwanza. Nilipoisoma barua yenu nikafanya kitu, nikachukua simu tatu hapa kibandani kwangu, nikaziingiza kwenye mkutano mmoja, nikaziweka kwenye kaunta kando kando na spika zimefunguliwa. Nikasema "haloo" mara moja tu. Simu ya kwanza ikaisikia, ikairusha mpaka kwenye seva, ikarudi ikatoka kwenye spika ya pili na ya tatu, maiki ya kwanza ikaisikia tena, ikairusha tena, na kila mzunguko inaongezeka sauti. Sekunde nne hivi, ikawa mlio ule ule wa maiki ya kanisani ikikaribia spika. Mteja aliyeleta simu ya kubadilisha kioo akatoka nje. Nikazima spika na maiki za simu mbili, kimya. Si netiweki yenu wala si Ujerumani, ni hizo simu zinasikiana. Simu moja inajua kujizuia isijisikie yenyewe, programu imefundishwa kuondoa mwangwi wake, lakini mwangwi wa simu ya jirani haiujui.

Kwa hiyo chumba kimoja, simu moja. Ile yenye spika nzuri muiweke katikati ya meza, chini yake mtandike gunia au kitambaa kizito, maana meza tupu inatetemesha sauti, na ofisi ya kuta za saruji na mabati juu ni kama pipa. Kama wengine lazima waingie na simu zao, wavae earphone na wazime maiki. Na angalieni mvua! Mbale mvua ya mchana ikipiga mabati hakuna programu duniani itakayowasaidia, pangeni mkutano asubuhi. Ujerumani wako nyuma yetu saa moja au mbili kufuatana na majira yao, kwa hiyo saa tano yenu asubuhi yeye ndo anakunywa kahawa, tena labda yenu.

Sasa kugongana. Sauti yenu haifiki pale pale. Uganda hatuna bahari, maneno yenu yanapita kwenye nyaya mpaka pwani, ya Kenya ama ya Tanzania, yanaingia kwenye kebo chini ya bahari ndo yaende Ulaya. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Mombasa Julai 2009 tulikuwa tunategemea setilaiti zilizo juu karibu kilomita 36,000, neno lipande lishuke, inakula robo sekunde, na jibu robo sekunde nyingine. Nyaya zimepunguza hiyo sana. Lakini simu yenyewe inachukua muda kuifunga sauti, na upande wa pili programu inasubiri kidogo vipande vikusanyike ili isikatike katike, na kama netiweki ya hapo kwenu inayumba inasubiri zaidi. Wataalamu wa simu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Ikizidi hapo ndo mnaanza ile ngoma ya "wewe kwanza, hapana wewe". Kila mmoja anadhani mwenzake amenyamaza, kumbe maneno yako njiani.

Dawa yake nimeiiba kwa askari. Mmewahi kusikia afande anaongea kwenye redio koli? Akimaliza anasema "ova". Hamna haja ya kusema ova, lakini mchague msemaji mmoja, wengine waandike maswali kwenye karatasi wampe. Msemaji akimaliza amtaje mnunuzi kwa jina ndo ajue zamu ni yake, halafu mhesabu moja, mbili kimoyomoyo kabla ya kudhani amenyamaza. Mkutano utaonekana wa polepole kwenu. Kwake utakuwa mtamu.

Na dakika 40, hiyo ni Zoom ya bure, wala msilaumu umeme. Mnaweza kufungua mkutano mwingine mkaingia tena, au mtumie Google Meet ambayo ya bure inawapa dakika 60 mkiwa watatu na zaidi, lakini mnunuzi aliyezoea yake muulizeni kwanza atumie akaunti ya kampuni yake yeye ndo awaite. Wenye akaunti za kulipia hawakatwi. Hakuna aibu kuomba hivyo, wao wanalipa tayari.

Fundi mimi nanunua mali Guangzhou nauza Kikuubo hapa Kampala, mwanangu ameniambia nijifunze Zoom ili niongee na mwenye kiwanda. Nianzie wapi?

Mama, usianzie kokote kabla hujamuuliza mwenye kiwanda ana nini. China WhatsApp haifunguki hivi hivi, na yeye maisha yake yote yako WeChat, anauzia huko, analipwa huko, anapiga vidio huko. Weka WeChat, mwambie akuonyeshe mzigo kwa kamera kabla hujatuma pesa, azungushe kitambaa, avute uzi, aonyeshe na lebo. Hapo sasa picha ina kazi, lipia hiyo bando bila kinyongo. Mwanao anakupenda lakini Zoom ni ya watu wake yeye.

Sacco yetu ilifanya mkutano wa mwaka onlaini, linki tuliiweka kwenye magrupu ya WhatsApp. Katikati ya ripoti ya mweka hazina akaingia mtu hatumjui akashea skrini ya mambo machafu, wazee walikuwemo. Ni hacker?

Si hacker, mlimkaribisha wenyewe. Linki ni kama ufunguo, ukiuweka kwenye grupu la watu 400 kuna mtu ataupeleka grupu lingine. Hii ilisumbua dunia nzima mwanzoni mwa 2020, mpaka Aprili mwaka huo Zoom wakaamua nywila na chumba cha kusubiria viwe vinawashwa vyenyewe. Nyie inaelekea mlivizima ili watu wasipate shida kuingia.

Viwasheni. Halafu mumpe mtu mmoja kazi ya mlango, asiwe mwenyekiti wala mweka hazina, hao wana kazi. Kila anayegonga aandike jina lake kamili na namba ya uanachama, mtu wa mlango analinganisha na rejista ndo anafungua. "Samsung A05" asiingie hata akigonga mpaka jioni. Kushea skrini muweke hosti peke yake. Wakishatimia mfunge mkutano, hiyo kitufe ipo. Najua mtasema wazee hawajui kubadilisha jina, basi wajukuu wawafanyie siku moja kabla, tena mjaribu wote kwa dakika kumi hiyo siku, msisubiri siku yenyewe. Na wazee mkawaombe radhi ana kwa ana, si kwa mesiji.

Mimi na mteja wangu wa Kigali tunapishana kila mara, nikiingia hayupo, akiingia mi nimeshatoka. Tunaandikiana vizuri tu saa ya mkutano kwenye WhatsApp. Tatizo ni kalenda ya simu?

Hii ilinipata na mimi, na iliniuma. Nilimwandikia mtu wa Kigali "tuonane saa nne", nikavaa shati safi, nikakaa, saa nne ikapita, na robo ikapita, nikasema huyu ananidharau, nikafunga nikaenda zangu kula rolex, ile chapati ya mayai. Yeye saa nne yake akaingia, akanikosa, akasema huyu Mganda ananidharau. Kumbe Kigali wako nyuma yetu saa nzima, saa nne yake huku kwetu ni saa tano.

Na hata bila Kigali, hizi saa zetu ni mtego. Ukimwandikia Mkampala "saa tatu" kuna mmoja ataingia asubuhi na mwingine aliyezoea za Kizungu ataingia saa tisa mchana, tena kila mmoja ana hakika. Mi siku hizi siandiki saa kabisa. Natuma mwaliko kutoka kwenye kalenda, simu yake inabadilisha yenyewe kwa saa za kwake, halafu namwandikia mstari mmoja tu, "kwako hapo inaonyesha saa ngapi?" Akijibu 10:00 na kwangu inaonyesha 11:00, najua tuko pamoja. Yule wa kwanza tuliyedharauliana bado tunafanya biashara, wiki jana tu amenitumia kazi ya laptopu tano, na aliandika chini, kwa herufi kubwa, SAA NNE YANGU.